Ufahamu Ulianzia Dutwa

Nilikuwepo. Tena sikuwa mpita njia; nilikuwa nimekaa, kikombe mkononi, ule upande wa benchi usio na msumari. Mtu akikusimulia vingine, muulize yeye alikaa upande gani. Ilikuwa hapa Dutwa, mwaka tisini na tano, wakati kila kitu ni ruksa: wanunuzi wa pamba wa binafsi wameingia na mizani mpya zinazong'aa, mitumba inashuka kwa marobota, na fundi baiskeli wetu naye amefungua baa. Benchi lilikuwa kando ya barabara ya mabasi, ubao wa bodi ya lori la pamba lililokufa zamani, umepigiliwa juu ya magogo mawili. Mzee Salu aliweka birika lake hapo kila alasiri, na waliokaa hapo walijua mambo yote ya dunia isipokuwa yale yaliyokuwa nyumbani kwao.

Siku hiyo Masunga alifika kabla hata mkaa haujashika. Alivaa koti zito la sufu, la mtu wa nchi ya baridi, na jua lilikuwa linapasua vichwa. Tulimwita Pumzi, na sababu ilikuwa hilo hilo koti. Alilinunua mwezi wa tatu kwa Kasmiri, yule muuza mitumba tuliyemwita Robota. Ndani ya mfuko akakuta kijitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza. Akampelekea Januarius amsomee. Januarius alikaa seminari miaka miwili, akarudi bila kusema kwa nini, ndiyo maana jina lake la kijiweni likawa Nusu Padri. Akasoma, akakuna kichwa, akatafsiri hivi: kitabu kinataka mtu akae, ahesabu pumzi, na atazame mawazo yake yakipita kama mchungaji anavyotazama ng'ombe wakivuka mto. Usiwapige, usiwazuie. Tazama tu.

Basi Masunga akatazama. Tangu mwezi wa tatu akawa anakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, asubuhi mpaka chakula. Palizi ikampita. Majani yakaimeza pamba. Mwishoni mwa mwezi wa nne mkewe Milembe akafunga khanga zake, akarudi kwao Lingeka, huko Meatu.

Na sasa, mwezi wa sita, mkwe alikuwa ametuma neno, fupi: "Milembe atapita na basi la Alhamisi. Akikuta mume, atashuka na mzigo. Akikuta jiwe, atapitiliza mpaka kwa shangazi yake Lamadi, na wewe utume watu waje wachukue ng'ombe wako. Wapo, wamenenepa." Msukuma akiambiwa aje achukue ng'ombe wa mahari, hakuna tena cha kutafsiri.

Ile ndiyo ilikuwa Alhamisi.

— Haya, Pumzi, mkeo akishuka utamwambia nini? — Salu aliuliza, anapuliza mkaa.

— Nitamwambia sikuwa nimelala.

— Hapo umeshafungwa! — Januarius aliruka. — Mshtakiwa haanzi kwa kukana. Anza na historia. Mwanamke akisikia historia anajua jambo ni zito. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Vinaelea nini hapa? — aliuliza Kasmiri.

— Mawazo. Mawazo yanaelea. Kwa hiyo kuna aliyeyaunda. Tulia nikufundishe, we Robota.

Akatoa kile kijitabu kwenye mfuko wa koti la Masunga bila kuomba, kama mtu anayechukua biblia altareni.

— Sikiliza, Masunga. Mwambie mkeo hivi. Miaka mia na zaidi iliyopita alikuwepo mama mmoja wa Kirusi, mnene, mvuta sigara. Akasema kuna wazee wa hekima huko milimani Asia wanamletea barua bila posta. Akaanzisha chama. Chama kikamlea kijana wa Kihindi awe mwalimu wa dunia nzima. Kijana alipokua, akasimama mbele ya umati, akasema: chama nakivunja, ukweli hauna barabara, nendeni nyumbani.

— Akakivunja chenyewe? — Salu alishika birika hewani. — Chama kilichomsomesha?

— Siku moja.

— Huyo alikuwa na laana ya wazazi.

— Alikuwa na ufahamu, mzee Salu! Na palikuwa na Mwarmenia mmoja, mwenye masharubu kama pembe za mbuzi dume. Huyo aliwachezesha wazungu ngoma, wakikolea anapiga kelele: "Simama!" Wote wanaganda, mguu mmoja juu. Anasema, sasa jitazame, nani anacheza?

Kasmiri alipiga goti kwa kofi mpaka kahawa ikamwagika.

— Hiyo ni yetu! Jamani, hiyo ni ngoma ya Bagika, wale wachezaji wa zamani, nzima nzima! Babu yangu alikuwa Mgika. Walicheza pale uwanjani na nyoka shingoni, manju, mwimbishaji wao, akinyoosha mkono wote wanaganda, hata nyoka. Huyo Mwarmenia alipita hapa.

— Alipita lini? — aliuliza Salu.

— Wakati wa Mjerumani. Nani alikuwa anaandika wageni wakati ule?

Mgongo wa Masunga ulikuwa umeanza kunyooka ndani ya koti. Jambo lilikuwa limemjia kifuani, wala si pumzi. Alimkumbuka babu yake, Nyanda, aliyekufa na jina baya. Huyo mzee alikuwa akipeleka ng'ombe malishoni, anasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili kaubandika gotini, mwili wote juu ya fimbo. Anasimama hivyo tangu umande mpaka jua linaelemea magharibi. Ng'ombe wanaingia mtama wa watu, yeye kasimama. Watu walimwita Kigogo, yaani gogo la mti. Tangu utoto Masunga alitaniwa: usiwe kama babu yako. Milembe mwenyewe, siku aliyoondoka, hakusema neno lingine: "Damu ya Kigogo."

— Babu yangu alikuwa anasimama, — akasema.

Wote wakamgeukia.

— Anasimama kwa mguu mmoja. Kutwa.

Januarius alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na uso wa mtu aliyeona moto kichakani.

— Kutwa nzima? Hasemi?

— Hasemi.

— Na kulikuwa na Mhindi wa duka la pamba hapa zamani, au hakuwepo?

— Alikuwepo, — Salu alikubali. — Duka lake ndilo hilo lililogeuka baa.

— Basi! — Januarius alisimama juu ya benchi, upande wa pili ukanyanyuka kidogo na mimi nikiwa juu yake. — Mhindi anakaa kibarazani miaka ishirini. Mbele yake mtu kasimama mguu mmoja, hasemi, hana haraka. Mhindi anashangaa, anaandika barua kwao: "Ndugu, huku nimemwona mtu." Barua inasomwa, wanajaribu, wanafaulu. Kijana wa chama anaisoma. Akasema nini? Ukweli hauna barabara! Kwa nini hauna barabara? Kwa sababu Dutwa wakati ule haikuwa na barabara!

Hata Kasmiri alitikisa kichwa kukubali. Mzee Salu ndiye aliyeharibu.

— Ngoja. Kama ulianzia hapa, kwa nini umetufikia ndani ya koti la Mzungu?

Nilidhani benchi limekwisha. Lakini hukumjua Kasmiri Robota. Alichukua pindo la koti la Masunga, akalisugua kati ya vidole viwili kama anavyofanya sokoni.

— Mzee Salu, na pamba je? Si inaondoka hapa ghafi, haina hata jina? Inakwenda Ulaya, inakaa huko, inarudi shati, tena limeshavaliwa. Sisi tunalinunua na kushukuru. Basi na ufahamu nao uliondoka hapa ghafi, ukakaa Ulaya, ukarudi umeshonwa. Mtumba!

Kelele zilizopigwa hapo, mpima pamba aliacha mizani akaja kuuliza nani kafa.

Kuanzia hapo hapakuwa na breki. Januarius alisema mguu wa pili wa babu ulikuwa unafanya kazi peponi. Kasmiri akasema wazungu wakijua watakuja kwa mabasi, na lile jiwe la nyuma ya nyumba lizungushiwe seng'enge mapema, maana watu wa Mwamapalala wataliiba waseme ni lao. Januarius akataka uwanja wa ndege kwenye majaruba ya mpunga. Salu alisema haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo waanze na choo.

— Kwa hiyo mimi si mvivu, — Masunga alisema taratibu.

— Wewe? Wewe ni mjukuu wa mwanzilishi! — Januarius alidakia.

— Na wahenga walishasema, — Masunga aliendelea, sauti imekomaa, — mchumia juani hulia kivulini. Kama mwisho wa yote ni kivulini, mimi jua nimeliruka. Nimeanzia kivulini.

— Mweleze hivyo hivyo! — alipiga kelele Kasmiri.

Basi liliingia likiwa limebeba kuku na magunia juu. Likasimama. Milembe alishuka, mwanamke mrefu, uso wa vumbi la Meatu lote. Lakini alishuka mikono mitupu. Mzigo wake ulibaki juu ya basi, na alimwambia kondakta kitu, kondakta akaonyesha vidole vitano. Dakika tano.

Alikuja mpaka kwenye benchi, akapiga goti kidogo kama desturi, akatusalimu wazee kwa Kisukuma.

— Mwadila, ba namhala.

— Mwadila, mayu, — tuliitikia sote kama darasa.

— Baba Nyanda, mwadila, — alimwambia mumewe, kwa jina la mtoto wao aliyerithi la babu.

— Mwadila, mama Nyanda. Kaa nikueleze.

— Nitasikia nimesimama.

Masunga akaeleza. Nasema ukweli, sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo. Alianza na mama wa Kirusi, akapita kwa kijana aliyevunja chama, akaganda kwa mguu mmoja kuonyesha Mwarmenia, akaingia kwa babu. Alipofika kwa babu aliacha kuigiza, akashusha mguu chini. Alisema babu hakuwa gogo, babu alikuwa anatazama. Alisema na yeye miezi hii yote hakulala, alikuwa anatazama, na mtu anayejua kutazama hakuna kinachompita.

Milembe alisikiliza mpaka mwisho. Hakubetua mdomo hata mara moja. Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani.

— Ni maneno mazuri, — alisema. — Sina elimu ya kuyabishia. Nina swali moja tu.

— Uliza, mayu! — Januarius alimjibia. — Uliza lolote. Hata la kabla ya kuumbwa dunia.

— Yule ng'ombe mwekundu niliyemwacha na mimba. Amezaa dume au jike?

Masunga alimgeukia Januarius.

Ng'ombe wa Masunga walilala zizi moja na wa kaka yake Fredrick, ndiye aliyewatoa na kuwarudisha. Zizi lenyewe lilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye lile jiwe.  Januarius alifungua kijitabu, kana kwamba jibu liko humo. Kasmiri aliangalia viatu vyake. Mimi niliogopa mtu asije akaniuliza mimi, nikanywa kahawa iliyokwisha.

— Na maziwa unayokunywa asubuhi, — Milembe alisema bila ukali wowote, — ulidhani yanatoka wapi?

Kondakta alipiga bati la basi. Paa! Paa!

Hapo Masunga alivua koti. Alilitupa kwenye benchi, akavuka barabara, na kabla hajafika kwenye mizani ya pamba alikuwa anakimbia. Mtu wa miaka arobaini na nane, kandambili mkononi, anakata shamba la watu kwenda kwake.

— Mama, tunaondoka! — kondakta aliita.

Milembe alimwangalia mumewe mpaka akapotelea nyuma ya minyaa.

— Nishushie mzigo, — alisema. — Halafu mwende.

Basi likaondoka. Yeye akakaa pale Masunga alipokuwa amekaa. Salu akampa kikombe, akakipokea kwa mikono miwili.  Januarius alikohoa kutaka kurudi kwenye ufahamu, Salu akamkata jicho. Vikombe viwili vikapita, na birika likaanza kutoa machicha.

Masunga alirudi anatembea, jasho linamtiririka, samadi mbichi magotini. Alisimama mbele ya mkewe. Alikuwa anahema kweli kweli, na hakuhesabu hata pumzi moja.

— Jike, — alisema. — Jekundu kama mama yake. Ana alama nyeupe hapa, juu ya jicho la kushoto. Mguu wa nyuma umevimba, kuna kupe wengi, hakuna aliyewatoa. Nimewatoa.

Milembe alimtazama magoti yale muda mrefu. Halafu akacheka, akasema, "Ana wiki tatu huyo. Habari zake zilifika Lingeka kabla hazijafika nyuma ya nyumba yako." Wakaondoka pamoja, wanacheka, na koti likabaki benchini. Kasmiri aliliuza tena wiki ile ile.

Hayo yote niliyaona kwa macho haya. Ila kwa kuwa umenisikiliza vizuri, nisikuuzie uongo: huko kucheka nimekutia mimi. Milembe hakucheka. Aliinua ule mzigo, akamtwisha mumewe kichwani, akatangulia njia ya shambani, na Masunga akamfuata, jicho kwenye visigino vyake asije akaachwa.