Ukizidiwa, Tumwite Nani?

Basi la alasiri lilikuwa na viti tele vitupu, lakini muuguzi mmoja aliyevaa sare alikwenda kukaa ubavuni mwa mama mshonaji aliyepakata mkoba wa vitambaa. Mimi nilikuwa nyuma yao. Husemwa macho hayana pazia. Masikio nayo hayana mlango.

"Nimehamishiwa hapa, hii wiki ya tatu," muuguzi alisema. "Chumba cha kupanga nilichotazama leo ni cha tisa. Tulipanga foleni watu kumi na wanne, mwenye nyumba akatugawia fomu."

"Si ujaze, mwanangu?"

"Imebaki nafasi moja ya kujaza. Ukizidiwa, tumwite nani."

"Mwandike mama yako."

"Yuko mwendo wa siku mbili. Wanataka mtu wa hapa hapa." Akaikunja fomu, akaikunjua. "Wodini ni mimi ninayewauliza wagonjwa swali hili. Wakichelewa kujibu, nilikuwa nawanunia."

Tulipita kituo kimoja, mshonaji akaufunga mkoba wake. "Basi niandike mimi. Sema ni shangazi yako."

"Hata hunijui, mama."

"Ukizidiwa tutajuana."

"Nitakuwa nimedanganya."

"Leo tu. Jumapili uje ule kwangu, itakuwa kweli."

Wakabishana hivyo, huyu akisisitiza, yule akitikisa kichwa, mpaka kituo cha mwisho. Mshonaji alishuka, akasimama chini kumngoja. Muuguzi aligeuka, akaniomba kalamu. Nilimpa. Aliishika muda mrefu bila kuandika, na dereva akazima injini.