Mbuzi wa Magid na Raba Nyeupe

Benchi letu la kahawa hapa mtaani Walukuba lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi ile upande wa tofali, ule unaoyumba, nilikaa mimi, kwa hiyo mniwie radhi nikisimulia kwa hasira. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi, na kila akivuta kamba kahawa yangu inamwagika. Alikuwa mbuzi wa Magid, aliyemlea tangu kitoto kwa ajili ya Idd Kubwa. Sasa anamuuza! Binti yake Nabila ameapa haendi kuswali Idd bila raba nyeupe kama za rafiki zake.

— Mbuzi yangu inaniangalia vibaya, alisema Magid.

— Usiiangalie, akasema Siraj, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Hii mambo inatoka kwa simu. Mtoto mmoja anagusa kioo, wengine wote miguu inawasha.

— Inawasha wapi! alidakia Waiswa, ambaye ni Daktari kwa sababu aliwahi kufagia kliniki. Hii ni ugonjwa, inaambukiza. Sisi zamani tulitembea peku, ugonjwa yote ikatokea kwa nyayo.

Hajarah, mwenye birika la kahawa, aliangua kicheko.

— Daktari, na hiyo jaketi ya ngozi, na jua hili lote?

— Hii ni ya kazi. Steji yetu ya bodaboda, madereva wote wako nayo.

— Ngoja niwaambie, alisema Redio. Wenye viwanda wanapaka kitu kwa soli. Msichana akipita, wenzake wananusa tu, kwisha! Wanaenda kulilia baba.

— Nabila halii, alisema Magid. Angelia ningezoea. Ananyamaza tu. Wallahi, inaniuma. Sitaki wenzake wamcheke siku ya Idd.



Ndipo akafika mnunuzi, Afande Aber, askari wa magereza. Alimpapasa mbuzi mgongoni, akaridhika.

— Bwana Magid, mbuzi nzuri hivi unauza ya nini?

— Raba ya Nabila, afande. Rafiki yake wote wako nayo.

— Kama nani?

— Ramlah, binti ya huyu Redio.

Redio akaweka kikombe chini.

— Ramlah wangu? Huyo anavaa kandambili mpaka leo! Mimi jana nimeuza baiskeli juu ya hiyo raba. Aliniambia Nabila yuko nayo tayari.

— Nabila? Hana!

— Sasa nani yuko nayo? aliuliza Aber.

Daktari alikohoa, akatazama jaketi yake.  Nilimwonea huruma Redio, maana baiskeli ile alikuwa akiipenda. Hajarah akainamisha birika kutuokoa; likatoa mashapo tu.

Magid akafungua kamba.

— Samahani, afande. Mbuzi inarudi nyumbani, na Nabila nitaongea naye. Lakini wewe ni Mkristo. Ulitaka mbuzi ya Idd ya nini?

Afande alirekebisha kofia yake.

— Kota yetu ya magereza, majirani wote wamenunua.

— Umeiona hata moja? aliuliza Hajarah.

 Aber akaja kukaa, na mimi nikamwachia upande wa tofali.