Kiti cha Mbele cha Mzee Zenon

Upepo wa Julai Sumbawanga hauna adabu, lakini haujawahi kufunga kijiwe cha Milanzi, pale nyuma ya mashine ya kusaga. Mzee Zenon, mkulima wa ulezi kutoka Mollo, alikumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Jana binti yake Justa alipiga simu: chuo chake Dar kimempa uprofesa, Jumamosi anatoa mhadhara, na anamtaka baba kiti cha mbele. Mzee, badala ya kufunga mizigo, akalileta suala kijiweni. Hapo ndipo alipojikwaa.

— Kwani Justa anasomea nini miaka yote hiyo? — aliuliza Wakili, ambaye mahakamani hajafika hata kama shahidi.

— Anapiga hesabu jinsi mawazo ya watu yanavyoambukizana. Alianza na sisi Mollo, tulivyofuatana kupanda mbegu moja kijiji kizima.

— Basi usiende. Unaitwa kama kielelezo.

— Halafu huko chuoni wana mashine, — alidakia Bondeni, muuza migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Wampembe. — Ukikaa tu mbele, inakusoma kichwani ulimpigia nani kura.

— Ikimaliza inafuta Kifipa chote, — Wakili akaongeza. — Unarudi unamsalimia mama Justa kwa Kiingereza. Na wahenga walisema, mgeni siku ya tatu mpe jembe. Dar hakuna shamba, watakupa nini?

— Samaki mkunje angali mbichi, mzee wangu, — Bondeni akamalizia. — Wewe ushakauka, suti haitakukaa.

Mzee Zenon alicheka nao, ila moyo ulimuuma. Alimwona Justa mdogo, katoka shule na vumbi miguuni, anauliza maswali mpaka ugali unapoa.

— Kweli, — akasema. — Siendi.

Rozina, mwalimu aliyehamia Milanzi wiki hiyo, alikuwa kando akisubiri unga wake.

— Shikamooni wazee. Samahani, nimewasikia. Baba, wewe mwenyewe unataka kwenda?

Mzee alimtazama Wakili. Wakili akamtazama Bondeni. Bondeni akachungulia kikombe chake.

— Nataka, — mzee akasema mwishowe. — Nimemkumbuka sana mwanangu.



— Hata mimi niliona aende, — Bondeni alisema taratibu. — Nikasikia Wakili anakataa, nikafuata.

— Mimi nilidhani mzee ndiye hataki, — Wakili akajitetea. — Nikawa namtafutia sababu.

Mzee Zenon hakuwa anawasikiliza tena. Simu ilikuwa sikioni, inaita.