Maji kwa Bunduki ya Hattab

Nisikilizeni, wanangu, na msinikatize kwa kuniambia nipumzike, maana mapumziko yangu yako njiani na sina haja ya kuyaharakisha. Mabrouka, ninyanyue mgongo kidogo. Khemais, weka simu chini, sogea nikuone uso. Nilitaka kuwagawia vitu vyangu kwa utulivu, kama mama yenu Zazia, Mungu amrehemu, alivyogawa bangili zake huku akitutania, lakini moyo wangu unakwenda mbio, na si ugonjwa peke yake. Ni kitu nilichokisikia mchana huu pale mlangoni.

Mlimwona Hattab alipokuja kunijulia hali. Huyo ndiye msimamizi wa msako wa nguruwe mwitu, ndiye jirani tusiyekunywa naye kahawa tangu kesi ya maji, na alikuja kwa sababu asingekuja watu wangemsema. Akafanya adabu ya milima yetu hii: akaikunja bunduki, akaonyesha mitutu mitupu, akaifunga, akafyatua kushoto, akafyatua kulia, mwenye nyumba asikie kwamba mgeni hana risasi. Adabu hiyo ndiyo iliyotulisha, wanangu. Pini, kile kijiti cha chuma kinachogonga risasi, ikigonga hewa tupu, bila fataki ya kitako cha risasi ya kuipokea, huchoka, hupata ufa, hukatika, kisha muungwana huyo huniletea bunduki ya babu yake akishangaa imeharibikaje. Leo mtutu wa kushoto ulilia safi. Wa kulia ulitoa mlio mzito, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole kilichofungwa kitambaa.

Pini ya kulia haikurudi nyuma. Imekwama mbele, imetokeza. Kesho asubuhi msakoni Hattab akitia risasi na kuifunga bunduki, haitangoja kidole chake, italipuka palepale inapofungwa. Na mnajua anavyofunga. Mtu mwenye akili huinamisha mitutu chini na kupandisha kitako, ila yeye huirusha mitutu juu kwa mkono mmoja, ikapita kulia kwake ndipo ikatulia, ili vijana waseme mzee bado ana nguvu. Jana mmepiga kura ya vituo vya kusimama msakoni. Nani ameangukia kulia kwake? Wewe, Khemais. Umeniambia mwenyewe, tena unacheka.

Usinitazame hivyo. Najua ulichomnong'oneza dada yako: "Baba ameanza kuweweseka, anasikia ugonjwa wa bunduki kwa masikio." Sawa, naweweseka. Lakini hata mama yako alikuwa akisikia kutoka jikoni ni mtoto gani amekohoa, na hakuna aliyemwita mwehu.

Sikieni basi ninavyogawa, na mtaona kwa nini nagawa leo. Karakana ni ya Mabrouka: jiliwa, tupa, mashine ya kukerezea, makaa na kila kilicho ukutani. Khemais, usikunje uso, wewe una ulimi wa kuuza na huna subira ya kupiga tupa, na mara ya mwisho nilipokuachia springi uliniletea kitu cha kufungia mlango wa banda la kuku. Wewe una nyumba hii na mizeituni yote, ila dada yako asihamishwe chumba chake mpaka atake mwenyewe. Na chemchemi iliyo juu ya mizeituni, ile ambayo mahakama ilinipa mimi ikamnyima Hattab, nampa Hattab.

Tulia. Tulia, nimesema! Najua bustani yake ilivyokauka, najua tulivyosherehekea. Alisema mkahawani kwamba napiga nyundo kama bibi anayetwanga vitunguu, na tangu siku hiyo bunduki yake hupelekwa kwa mafundi wa sokoni, nami nikaulinda ushindi wangu kama mboni ya jicho. Leo ukienda kumwambia bunduki yake ni mbovu, atasema wana wa Amor wanatafuta kazi kwa kutisha watu. Ukimwambia asiende msakoni, atakwenda mara mbili. Ukijitia ugonjwa ukabaki nyumbani, mtoto wa mtu mwingine atasimama mahali pako. Kwa hiyo utakwenda sasa hivi, utamwita ami, utamwambia, "Baba anakupa njia ya maji, yako na ya watoto wako, na anachotaka ni bunduki yako ilale kwetu usiku mmoja." Usimweleze zaidi, usijibizane naye. Akikutukana, meza. Nenda, mwanangu. Nenda kabla hajaijaza.

Ameondoka? Fungua dirisha, Mabrouka, nisikie lango. Vizuri. Sasa wewe chukua taa uiweke pale kwenye meza ya kazi, acha mlango wazi nikuone, unisikilize, maana pumzi inaniishia na sitaki uje kubahatisha.

Ukiitoa pini yake usishangae ukikuta ni msumari wa fremu ya mlango uliochongwa. Mafundi wa sokoni hufanya hivyo. Msumari ni laini, hupondeka nyuma, huvimba, hunasa kwenye tundu lake. Wewe kata kwenye fimbo ya chuma cha pua, iko nyuma ya debe la mkaa. Kereza polepole. Ncha iwe ya mviringo na laini. Usiichonge ikawa kali, kwa sababu ncha kali hutoboa fataki, na moshi wa moto unarudi kwenye jicho la mpigaji. Itokeze unene wa sarafu tu. Ikipungua, risasi itagoma, na mpumbavu ataikunja bunduki papo hapo kutazama, wakati risasi iliyochelewa bado inaweza kulipuka, kwa hiyo waambie wateja wangoje, mitutu ikiwa imeelekea ardhini. Tundu lisafishe kwa mafuta ya taa, ulikaushe kabisa. Usilimwagie oili ukidhani unalitendea wema, oili ya zamani inaganda, inakuwa gundi. Kisha moto: iwe nyekundu, itumbukize kwenye mafuta, isugue ing'ae, irudishe kwenye joto dogo mpaka ipite rangi ya asali na kuanza zambarau. Hapo itoe. Hapo hapo.

Bado hajarudi? Ni mbali kiasi gani kwa Hattab, jamani, si bonde moja tu? Nipe maji. Hapana, ongea nami usiondoke. Siku ya matanga yangu watakuja wote na bunduki zao na adabu zao. Weka kikapu mlangoni, ujaze maganda matupu ya risasi uliyoyatoa fataki na kutia raba ya soli ya kiatu, kila mgeni atie mawili kabla ya kufyatua, pini zigonge raba badala ya hewa. Atakayenung'unika mwambie ni amri ya maiti. Couscous ya kulisha wageni iwe ya kondoo mmoja, na msikope heshima kwa kuchinja wawili.

Mbwa wanabweka. Ni nani? Sema ni nani!

Khemais. Njoo nikushike mkono. Una baridi. Na nyuma yako... Hattab. Ingia, ingia, leo usifyatue chochote, iweke tu kwenye meza ya binti yangu. Mabrouka, legeza ile skrubu ndogo, mwonyeshe. Sema kwa sauti, sioni mpaka huko. Msumari? Umekwama? Nilijua. Nilijua, mwanangu, wala sikuweweseka.

Usisimame hapo kama mtu aliyefukuzwa, Hattab, keti. Khemais, umemwambia habari za maji? Amesemaje? Mwache aseme mwenyewe, ana mdomo mkubwa kuliko wangu. Umesema nini? Rudia.

"Ningekuja bila maji, Amor. Ungeniita tu."

Ungeniita tu. Miaka yote hii... Maji ni yako, usibishane na mimi, sina nguvu ya kesi nyingine. Kaa karibu na mwanangu, nyote wawili kaeni, hakuna anayetoka hapa na bunduki hiyo mpaka iwe tayari. Radhi yangu iwe juu yako, Mabrouka, mikono yako isitetemeke kamwe. Radhi yangu iwe juu yako, Khemais, Mungu akurudishe kesho kwa miguu yako. Nisogezeeni mto. Nasikia mashine inakereza... ni nzuri... mbona inakwenda mbio hivyo? Polepole, binti yangu. Usiharakishe kwa ajili yangu.