Sponji, Fundi Makochi Aliyezipa Bendi Chumba

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake, na nyinyi vijana wa bendi mliojibanza huko nyuma kana kwamba mmedandia msiba wa watu: sogeeni mbele, nafasi ipo. Mimi ni dada yake marehemu, nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Walitaka asome mwanawe. Nikawaambia mtoto humjua baba akiwa tayari ana ndevu. Mimi huyu nimemjua tangu hana meno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Alikuwa wa tatu na wa mwisho. Alizaliwa na mabega mapana mno, hata mkunga akamwambia mama, "Pole, lakini hongera." Mama alipenda kusema kwamba huyu atakuja kuwa mbebaji, na hakukosea sana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa wa kati kama nyama ya samosa. Shule ilikuwa na bendi ya gwaride, na mwalimu wa muziki alipoyaona yale mabega akampa ngoma kubwa. Nyumbani tulifurahi, tukapiga pasi nguo, tukaenda wote kumtazama siku ya sherehe. Kumbe mdogo wangu ameibeba ngoma mgongoni, na mwenzake anakuja nyuma yake anaipiga! Mama alitaka kumfuata mwalimu palepale. Marehemu akamshika mkono, akamwambia, "Mama, acha tu. Huku nilipo ndiko naisikia vizuri."

Hakuwahi kujifunza kupiga chombo chochote maisha yake yote. Kuhusu kuimba, naomba tumstahi marehemu.

Mwaka 1976 alipelekwa kujifunza ufundi wa makochi kwa fundi mmoja mkali, mtu wa kupima kwa jicho na kukosoa kwa kofi. Alikaa kwake hadi akaiva, kisha mwaka 1991 akafungua karakana yake mwenyewe, ile mnayoijua wote: chumba cha mbele kinachotazama barabara, penye mbao, spring na cherehani, na chumba kikubwa cha nyuma kisicho na dirisha, alikorundika sponji kutoka sakafuni hadi darini. Ndipo watu wakaanza kumwita Sponji. Mimi jina lile sikulipenda, nilimwambia mtu mzima haitwi godoro. Akanijibu, "Dada, afadhali niitwe kitu ambacho watu wanakilalia wakapumzika."

Na mkewe walikutana kazini, bado akiwa kwa yule fundi mkali. Wifi yangu alileta kiti cha mama yake kishonwe, akarudi kukichukua, akakipindua miguu juu, akaukagua mshono wote. Halafu akamwambia, "Kaka, hapa umeshona au umerusha?" Marehemu hakukasirika. Alimpa sindano, akamwambia haya, onyesha wewe. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986, na kuanzia hapo yeye akawa wa mbao na sponji, mke akawa wa vitambaa na foronya. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mwalimu na kijana ambaye ni fundi umeme. Ndoa yao ilikuwa na kelele zake, nani asiye na zake, lakini sikuwahi kumwona mmoja anakula kabla mwenzake hajanawa mikono.

Sasa nifike kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa.

Mwaka 2005 walifika karakanani vijana wanne waliojiita Waya Wazi. Mpiga besi alikuwa kinyozi, mwimbaji alikuwa binti anayeuza simu, wengine wawili sijui walikuwa wanafanya nini na sidhani hata wao walijua. Walikuwa wamefukuzwa kila walipokwenda kufanya mazoezi, kwa sababu ya makelele. Bendi yao haikuwa na tajiri wala kampuni nyuma yake. Walitunga wenyewe, walirekodi wenyewe, na matangazo walibandika wenyewe ukutani kwa gundi ya unga. Walikuja kuomba mabaki ya sponji wakaweke kwenye kuta za chumba chao ili sauti isitoke. Marehemu akawauliza, "Chumba chenyewe kiko wapi?" Wakatazamana. Hawakuwa na chumba. Akacheka mpaka akakaa chini. Akawafungulia mlango wa nyuma, akawaambia, "Sponji yote imo humu. Leteni vyombo."

Wakaleta. Wakawaambia wenzao, na wenzao wakawaambia wenzao. Mji mkubwa kama huu una vijana wengi wenye nyimbo kichwani na hawana pa kuzitolea. Kufikia mwaka wa tatu, kile chumba kilikuwa na zamu kama zahanati: bendi hii baada ya kazi, ile Jumapili mchana, nyingine asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Masharti yalikuwa mawili tu, vua viatu na usikalie kochi la mteja. Hawakuyafuata vizuri. Mwalimu mmoja mstaafu alipelekewa kochi lake jipya, akalirudisha kesho yake amefura. "Fundi, kochi langu linagonga!" Marehemu akamwambia haiwezekani. Mwalimu akakaa, akainuka, akakaa tena, na kweli kochi likagonga. Walipolipasua wakakuta kijiti cha mpiga drams. Kijana alikiweka ndani ya fremu mara moja tu, akakisahau, na wifi yangu akakishonea humohumo. Mwalimu alicheka, akasamehe, ila alikataa kukirudisha kijiti.

Sharti la tatu lilikuja kwa ugomvi. Waya Wazi walinyang'anywa mpiga gitaa na bendi nyingine ya chumba kilekile, Ngazi ya Tatu. Hee, ilikuwa vita! Kutosalimiana, kuchomoleana nyaya, maneno ya mtandaoni ambayo siwezi kuyasoma mbele ya jeneza. Marehemu akawaita wote, akawakalisha kwenye sponji, akasema, "Humu ndani hapandi mtu jukwaani tena mpaka ajue kupiga wimbo mmoja wa jirani yake. Na aupige jirani akiwa amekaa mbele anasikiliza." Walinuna wiki nzima. Lakini chumba kingine hakikuwepo, wakajifunza. Siku ilipofika, yule binti wa simu aliimba wimbo wa Ngazi ya Tatu, na aliyeutunga, kijana mgumu hivi, akaanza kulia. "Mimi sikujua kama wimbo wangu unasema hivyo," ndivyo alivyosema. Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi. Wimbo wa jirani kwanza, wako baadaye. Nimeambiwa sasa hata bendi zisizowahi kuingia chumba kile zinafanya hivyo, na hazijui ilianzia kwa nani. Ilianzia kwa huyu hapa.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2022. Kilianza kikohozi, tukasema ni vumbi. Na kweli lilikuwa vumbi. Daktari alituonyesha picha ya kifua, akatueleza kwamba miaka ya gundi na unga wa sponji imeyakakamaza mapafu. Sponji ikizeeka husagika yenyewe, na zile ambazo vijana walizibandika ukutani hazikuwahi kubadilishwa tangu bendi ya kwanza, maana vijana walisema sauti imeshazizoea. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi. Inawashukuru pia vijana wa bendi, waliogawana zamu za kumpeleka kliniki kama walivyogawana chumba. Mpiga tarumbeta mmoja alikuwa akimbeba mgongoni kupanda ngazi, na marehemu akimwambia, "Usinitikise, mimi sio maiti bado." Mwenyezi Mungu awalipe, wanangu. Mimi sina cha kuwalipa.

Akiwa wodini, alimwomba mkewe jambo moja tu. Alisema, "Mimi nikienda, usiwafungie vijana chumba." Wifi yangu ni mtu mkweli, na mkweli hachagui mahali pa kuwa mkweli. Akamjibu, "Siwezi kukuahidi. Chumba kile kimekula kifua chako. Niwafungulie watoto wa wenzangu kiwale na wao?" Marehemu akamwambia, "Basi fikiria." Kila asubuhi mke alipoingia na uji, alimuuliza, "Umefikiria?" Naye akimjibu, "Bado." Sisi wengine tulimbonyeza. Nilimwambia, wifi, sema ndiyo tu, mgonjwa apate raha. Akanitazama machoni. "Wifi, mume wangu sijawahi kumdanganya akiwa mzima. Nianze leo akiwa hawezi hata kuinuka?"

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, marehemu aliuliza tena. Mke akamjibu, "Bado, mume wangu." Marehemu akamfinya mkono kidogo, akalala, na hakuamka. Nilimkuta wifi yangu koridoni ameshika bakuli la uji lililopoa. Aliniambia, "Neno langu la mwisho kwake limekuwa 'bado.'" Hakulia kwa sababu ya kufiwa tu. Alilia kwa sababu ya neno lile.

Juzi Alhamisi alikwenda karakanani kuwaambia vijana waondoe vyombo vyao. Alikuwa ameamua. Nilikwenda naye kwa sababu sikutaka aende peke yake. Sasa mjue kitu kimoja: miaka yote ile wifi yangu alishonea chumba cha mbele, lakini hakuwahi kuusikia muziki wenu. Sponji zilifanya kazi yake. Alichokuwa anakipata ni mdundo kidogo kwenye miguu ya cherehani, akadhani huko nyuma mnavunja vitu. Alifungua mlango ghafla, na mlikuwa katikati ya wimbo. Hamkutuona. Binti wa simu, ambaye sasa ni mama wa watu, alikuwa amefumba macho. Ulikuwa wimbo wa taratibu kabisa. Wifi yangu alisimama mlangoni mpaka ukaisha, mkono kifuani. Akaninong'oneza, "Kumbe walikuwa wanapiga polepole hivi?" Halafu akauliza kwa sauti, "Huu ni wenu?" Kinyozi akamjibu, "Hapana, mama. Huu ni wa jirani."

Akakaa kwenye kochi la mteja, na viatu vyake. Kisha akasimama, akaugusa ukuta kwa kidole, akakitazama kile kidole kilivyojaa unga, akasema, "Zote hizi ziondoke. Leo. Mfunge vitambaa puani." Mkaanza kuzing'oa, mpiga tarumbeta analia huku anang'oa, mkidhani ndiyo mwisho wenu. Hakuwaambia chochote. Tulipofika nyumbani alitoa marobota yake yote ya mablanketi mazito na vitambaa vya mapazia, akakaa kwenye cherehani. Cherehani hiyo ameiacha leo tu aje kuzika, na msiba huu tumeupitisha kwa kumpokonya mkasi ili ale. Kuta nne, wifi yangu anazishonea nguo za kufuliwa kila mwezi, zisizo na chembe ya sponji. Asubuhi ya leo, wakati tunavaa, ameniambia, "Ukifika mwisho, watangazie."

Marehemu ameacha mjane, binti na kijana wake, wajukuu watatu, dada mmoja mwenye mdomo, na bendi kumi na moja. Bendi hizo zifike karakanani Jumatatu zikiwa na nyundo na misumari, zivue viatu, na zisikalie kochi la mteja.

Pumzika, mdogo wangu, kwa amani ya Mungu. Uliondoka bila jibu, basi pokea jibu lako mbele ya watu wote hawa: mkeo amefikiria, na amesema ndiyo.