Viti vya Mama Deo

Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu zangu wa jumuiya, mimi ni Mama Skola wa hapa hapa Milanzi, na wengi wenu mnanijua kwa kiburi changu. Msicheke. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye hicho kiburi, na alinitoa mbele ya mkutano wa mtaa, watu wote wakinitazama.

Mume wangu alishuka bondeni Muze kulima mpunga, akarudi mgonjwa, hakupona. Nikabaki na watoto watatu na mama mkwe wangu ambaye macho yake hayaoni tena. Nikawa nalima vibarua kwenye mashamba ya watu. Wakati wa palizi tulikula. Palizi ikiisha, tulikula mara moja kwa siku, na siku nyingine uji mtupu. Nikajikaza kisabuni mpaka nikashindwa. Nikamtoa Skola shule, yuko darasa la tano, nikampeleka mjini Mazwi kulea mtoto wa watu, kwa sababu huko angekula. Siku ya kuondoka alikunja sare yake akaiweka chini ya mto wa bibi yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nimejifungia chooni. Nanyi nikawaambia amekwenda kwa shangazi yake!

Ndipo ukaja mpango wa serikali wa kuzipa ruzuku kaya maskini. Kwenye mkutano wa kwanza wa mtaa watu walinitaja jina. Ndugu zangu, nilikasirika! Nilirudi nyumbani nikisema peke yangu njiani, nani kawaambia mimi maskini? Wakatangaza kwamba mwezeshaji atapita kila nyumba iliyotajwa, kuuliza maswali na kuandika.

Sasa, sisi tumelelewa kwamba mgeni asikute nyumba tupu. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Deo, huyu hapa amekaa, nikaazima viti vinne, chupa ya chai na vikombe. Nikaazima na gunia la mahindi, nikalisimamisha sebuleni. Halafu nikachinja kuku wangu, naye alikuwa mmoja tu, anataga!

Mwezeshaji akaja, dada mpole, ana adabu. "Shikamoo mama." Marahaba, karibu kiti. Akaketi, akatazama, akaandika.

"Viti ni vya hapa nyumbani, mama?"

"Kama unavyoviona," nikasema.

"Kwa siku mnakula milo mingapi?"

"Mitatu."

Nilisema mitatu, ndugu zangu! Mama mkwe wangu akakohoa huko chumbani. Nikamletea yule dada kuku, akakataa, akasema taratibu zao haziruhusu kula kwenye nyumba wanazoandika. Watoto wakamla kuku, na mimi nikarudisha viti.

Baadaye tukaitwa tena mtaani, mwenyekiti asome majina ya waliopita. Akasoma, akasoma, langu halikuwemo. Hapo akili ikanirudia. Masharti ya mpango yanataka watoto waende shule, na pamoja na hasira zangu, moyoni nilikuwa nimeanza kumwona Skola amerudi darasani. Kumbe nimemfungia mlango mwenyewe, kwa viti vya kuazima.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Nikasema moyoni, Bwana nisimamishe, mimi siwezi. Nikashtukia nimesimama. Nikasema, "Mwenyekiti, nilidanganya. Vile viti si vyangu. Tunakula mara moja. Na Skola hayuko kwa shangazi, analea mtoto wa watu Mazwi."

Mara Mama Deo akainuka. "Viti ni vyangu! Chupa ni yangu! Na gunia ni la baba Deo, mnaweza kumwuliza!" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nami nikacheka, na huku nalia. Tangu mume wangu afariki sikuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Yule dada akarudi kuandika upya. Safari hii alikaa kwenye kigoda, mimi nikakaa mkekani, nikajibu kila swali kama lilivyo. Tulisubiri miezi, sitawadanganya tena. Lakini jina lilipita. Jumamosi iliyofuata nikaenda Mazwi kwa baiskeli ya kuazima, na safari hii kila aliyeniuliza nilimwambia ni ya nani. Nikarudi na Skola amekaa nyuma. Alipoingia ndani hakukaa hata kidogo, alikwenda moja kwa moja kwenye mto wa bibi yake. Sare ilikuwa imembana mabegani. Akaivaa hivyo hivyo.

Ndugu zangu, sijatajirika. Ruzuku inasaidia madaftari na unga, na mimi bado nalima vibarua. Lakini tunakula mara mbili, na mwaka huu Skola yuko darasa la saba. Asante Yesu! Asante Mama Deo!

Nasikia nyumba zitaandikwa tena. Wewe uliyekaa hapo na shida yako umeifunika kitambaa kizuri, mwamini Mungu, useme kweli. Mimi sasa nina viti viwili vya plastiki, vyangu. Njoo uvikalie, tule na tusali pamoja. Lakini ukija kuviazima siku ya mwezeshaji, nakwambia mbele ya jumuiya yote, nitakunyima.