Mwalimu Polepole, Aliyekaa Darasa la Kwanza

Tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mwalimu Polepole, na wapo waliodhani ni kwa sababu ya mwendo wake. Sivyo. Kutembea alikuwa akitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Jina lilitoka kwingine, na mtalisikia mahali pake.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la reli, mama yake fundi cherehani. Alizaliwa mdogo kama ngumi, hata jirani mmoja akamshauri mama asijisumbue kumzoea. Jirani huyo alifariki mwaka 1974, na katika ugonjwa wake marehemu ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Mungu hana haraka.

Shule aliianza Januari 1959, lakini ualimu aliuanza kabla ya hapo. Mama alikuwa na kopo la vifungo. Marehemu alivipanga vifungo sakafuni mistari mistari, kifungo kikubwa cha koti akakifanya kiranja, akavisomesha, na vile vikorofi akavisimamisha ukutani. Mteja akija kuchukua shati, mama akiuliza vifungo viko wapi, anajibiwa kwamba havijatoka darasani. Herufi yake ya kwanza aliiandika nyuma ya mlango kwa chaki ya kukatia nguo, akishikwa mkono na dada yake mkubwa, aliyeishia darasa la nne. Hilo nalo liandikwe, maana kila mwalimu ana mwalimu wake.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, akaingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili. Wenzake wote waliomba madarasa ya juu, yenye heshima na madaftari safi. Yeye aliomba wanaoanza. Januari 1969 akapangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, darasa la kwanza, chumba cha mwisho chenye dirisha moja lisilofungika.

Siku zile kusoma kulifundishwa kwa sauti. Mwalimu anataja, watoto wanaitikia, kutwa nzima. Darasa la marehemu lilisoma kwa pamoja mpaka bati likatetemeka, na watu waliokuwa kwenye foleni ya mashine walikuwa wakinyamaza ili wasikie. Mwalimu mkuu akipata mgeni, haanzi ofisini, anampeleka kwanza chumba cha mwisho.

Mwezi wa Septemba 1970 paa likavuja. Vitabu vya darasa la kwanza na vya darasa la pili vikaanikwa pamoja uani, vyote vikiwa na majalada ya karatasi ya kaki, na wakati wa kuvirudisha vikachanganyika. Asubuhi yake watoto wakagawiwa vitabu, wakafungua, wakaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kama walivyofundishwa, wakasoma somo lao la jogoo na paka toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea hata neno. Vidole vilitembea vizuri kabisa. Ndipo binti mmoja wa mbele, mwenye pengo la meno mawili, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, leo jogoo wetu ameenda wapi?"

Marehemu akachukua kitabu cha yule binti. Kilikuwa cha darasa la pili. Ukurasa ule ulizungumzia fundi wa baiskeli. Jogoo hakuwamo wala paka.

Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alikaa kwenye dawati la watoto, na watoto wakadhani ni mchezo mpya. Miaka miwili alikuwa akiwasifu kwa kusoma, kumbe wanakariri. Hakuna aliyemdanganya. Masikio yake mwenyewe yalimpendelea.

Jioni ileile alikwenda ofisini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kuogopwa, mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Akamwambia, "Mwalimu mkuu, darasa langu halijui kusoma."

"Mbona nawasikia kila siku?"

"Unawasikia wakiimba, mzee."

Mwalimu mkuu akamkumbusha kwamba mkaguzi anakuja mwezi wa kumi na moja. Waimbe tu kwanza, wageni wakishaondoka atawafundisha atakavyo. Marehemu akasema hawezi. Basi akaambiwa waziwazi kwamba shule ikiaibika, darasa la kwanza atalisikia kwa jirani. Kwake yeye hicho hakikuwa kitisho kidogo. Wengine wakihamishwa darasa wanahama chumba. Yeye angehama alichozaliwa nacho.

Kesho yake akaanza upya. Alikwenda kwa seremala mwenye karakana karibu na lango la shule, akaomba vipande vya mbao zilizobaki, kila kimoja kiandikwe silabi moja. Seremala akazitazama silabi zilizoandikwa kwenye karatasi, ma, ta, ka, pe, akamuuliza kama ni somo au anawajengea panya nyumba. Lakini alivikata, akavipiga msasa visichome vidole, akavichoma herufi kwa chuma cha moto. Mtoto alichomoa vibao viwili kwenye mfuko na kuvipanga, ma na ta, kisha akavigeuza aone vinakuwa nini. Aliyeweza kulisoma neno aliliandika hewani kwa mkono mzima, halafu mchangani, na penseli ikaja mwisho. Sheria ilikuwa moja tu: mwenzako akikwama, usimtajie. Mpe nafasi. Neno ni lake.

Chumba kikawa kimya. Wazazi wakaja juu. Msaga nafaka alimfuata mwalimu mkuu akamwambia kwamba zamani walikuwa wanaisikia elimu mpaka kwenye mashine, sasa kimya tupu, au watoto wanalazwa?

Mkaguzi alikuja, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba. Alifungua kitabu katikati, pasipozoeleka. Watoto wakaanza kuvuta silabi moja moja kama wanaochota maji kisima kirefu. Mwalimu mkuu, jasho likimtoka, akamnong'oneza mtoto neno kutoka nyuma. Yule binti mwenye pengo akageuka akamwambia kwa adabu, "Mzee, usimtajie, ni lake." Mgeni akacheka. Kengele ililia wakiwa mstari wa tatu. Katika ripoti, darasa la kwanza likaandikiwa kwamba linasoma polepole mno, na ripoti ikasomwa mbele ya walimu wote. Jina likazaliwa siku ile, kwa dhihaka, na likakaa kwa heshima.

Januari 1971 marehemu akapelekwa darasa la tano kufundisha jiografia. Aliifundisha vizuri, hakuna mtu wa kusema vingine, lakini kila akipita dirisha la chumba cha mwisho alitazama ndani kama mtu anayepita nyumba yake iliyopangishwa. Darasa la kwanza likaanza tena kutetemesha bati. Mwaka ulipofika mwisho, mwalimu wa darasa la pili akalalamika kwamba waliotoka kwa Polepole wamemaliza vitabu vyote na wanasoma hata magazeti yaliyofungiwa sabuni. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na kiburi chake lakini hakuwa dhalimu, akamwita marehemu akamwambia, "Rudi kwako. Nimechoka kusikiliza nyimbo." Akarudi Januari 1972, hakutoka tena mpaka alipostaafu Juni 2011.

Yule seremala naye hakuwa amemaliza kazi. Kuna herufi alizokuwa akizichoma kinyumenyume, na marehemu akirudisha kibao, naye akikirekebisha, mpaka majirani wakaanza kuulizana ni kibao gani hiki kinachorudi kila jioni. Dada mkubwa alipomuuliza mdogo wake kama fundi hana macho, alijibiwa kwamba macho anayo, na anayatumia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972. Wakajaliwa watoto watatu, na katika miaka hamsini na miwili hatukuwahi kuitwa kusuluhisha kitu.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2016. Mwaka jana moyo ukachoka, miguu ikavimba, akawa mtu wa kiti cha barazani. Ndipo akaomba aletewe mjukuu wake wa mwisho, ambaye shuleni walikuwa wamesema ni mzito. Wakakaa wawili na vile vibao toka asubuhi hadi jua lifike mlangoni. Alikuwa na hofu moja tu, naye hakuificha: kwamba ataondoka kabla mtoto hajafika.

Tarehe 3 Mei alilazwa. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuwa akimpangia mito aliposikia anauliza, "Mtoto amefika wapi?"

"Mama, pumzika kwanza."

"Nimekuuliza mtoto amefika wapi."

Binti akamwambia ukweli, kwamba mtoto anasoma akiwa peke yake, ila watu wakimtazama anabahatisha. Marehemu akasema, "Basi msimfundishe cha kusema. Mpeni asichokijua, mbele za watu, na mmsubiri."

Hakurudia, na hakuzungumzia kazi tena. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu (muuguzi, dereva wa lori na mshona mapazia), wakwe zake, wajukuu saba, dada yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, na kaka mmoja. Ameacha pia walimu wa shule aliyoitumikia, na ninyi mlioshika karatasi hii mkiifuata kwa macho bila kuhitaji mtu wa kuwatajia.

Familia imetimiza agizo lake. Mstari wa mwisho wa wasifu huu utasomwa na mjukuu huyo, mwenye miaka saba. Hajauona, hajafanyishwa mazoezi, na hajui umeandikwaje. Anaitwa sasa mbele na kupewa karatasi. Tunaomba utulivu, na tunaomba, hata akichukua muda mrefu, asisaidiwe na mtu.

Bibi alale pema.